Pedeli ya breki inayozama: namna ya kuubana ugonjwa kabla ya kununua spea

Dereva akifika gereji na kusema "breki zimekuwa laini", fundi mwenye haraka huwa na dawa mbili tu: kutoa upepo kwenye paipu za breki, au kubadilisha masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli. Kuna siku dawa inagonga ndipo. Kuna siku mwenye gari analipia masta, chupa mbili za fluidi na ufundi wa siku nzima, kisha anaondoka na pedeli ile ile aliyokuja nayo, maana tatizo lilikuwa kwenye dramu ya nyuma ambayo hakuna aliyejishughulisha kuifungua.

Ndani ya lalamiko hilo moja kuna hali tatu zisizo na undugu. Ya kwanza ni pedeli inayobonyea: ukiikanyaga inachezacheza chini ya mguu, huoni inapogota, lakini ukiishikilia inabaki palepale. Ya pili ni pedeli inayozama: inashika vizuri mwanzoni, pengine juu kabisa, halafu ukiendelea kuibana kwa nguvu ile ile inateremka polepole kuelekea sakafuni. Ya tatu ni pedeli inayoshikia chini: inasafiri bure umbali mrefu, kisha inagota na kuwa imara kama kawaida yake.

Inayobonyea ina kitu ndani kinachokubali kubanwa, na mara nyingi kitu hicho ni hewa. Inayozama ina fluidi inayotoroka. Inayoshikia chini ina mwanya uliozidi kati ya pedi na diski au kati ya shuu na dramu. Ukishajua uko kwenye ipi kati ya hizo, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha. Gari moja linaweza kuwa na mbili kwa pamoja, hasa lile ambalo fluidi yake haijabadilishwa tangu lishuke melini, lakini hata hapo inafaa kuzitenganisha na kuzishughulikia moja moja.

Milimita zinakwenda wapi

Pedeli ni wenzo. Kwenye magari mengi madogo inazidisha nguvu ya mguu karibu mara nne, kisha busta, kifaa kinachotumia ombwe la injini kuusaidia mguu, inaongeza juu yake. Nguvu hiyo inaisukuma pistoni ya masta silinda, pistoni inaisukuma fluidi, na fluidi, kwa kuwa haibaniki, inafikisha shinikizo lile lile kwenye kalipa za mbele, zinazobana pedi kwenye diski, na wili silinda za nyuma, zinazosukuma shuu kwenye dramu. Kanuni hiyo ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Kuiingiza kwenye gari kulichukua muda: Duesenberg Model A ya Marekani, ya mwaka 1921, ndilo gari la abiria lililotangulia kuuzwa likiwa na breki za fluidi kwenye magurudumu yote manne.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana inaeleza mengi. Chukua masta yenye kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22 na kidogo, pamoja na kalipa ya mbele yenye pistoni ya milimita 54. Ni vipimo unavyoweza kuvikuta kwenye gari dogo la Kijapani. Eneo la pistoni ya kalipa ni karibu mara sita ya lile la masta. Kwa hiyo kalipa moja ikirudi nyuma nusu milimita kuliko inavyotakiwa, masta inalazimika kusafiri milimita 3 kuifidia, na pedeli, yenye uwiano wa nne kwa moja, inashuka milimita 12. Kalipa zote mbili zikiwa hivyo, umepoteza karibu sentimita mbili na nusu kabla breki haijagusa kitu.

Hewa ni mbaya zaidi. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kikinaswa kwenye paipu, shinikizo likifika bar 20 hewa hiyo imesinyaa hadi robo ya mililita. Zile mililita nne na robo tatu zilizobaki zimetoka kwenye safari ya masta bila faida, na kwa vipimo vyetu hivyo ni karibu sentimita 5 za pedeli. Pedeli yenyewe ina safari ya sentimita kumi na kitu tu. Ndiyo maana fundi anaposema "upepo umebaki kidogo sana, utajitoa wenyewe", usikubali. Kidogo sana hicho kinatosha kukufikisha kwenye bamba la gari la mbele.

Hakikisha kwanza kwamba kuna ugonjwa

Watu wengi huogopeshwa na jambo la kawaida kabisa: gari likiwa limezimwa pedeli ni ngumu, likiwashwa inashuka. Hiyo ni kazi ya busta. Jaribio lake halihitaji hata spana. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano au sita hadi iwe ngumu. Hapo umemaliza ombwe lililokuwa limebaki kwenye busta. Ishikilie kwa nguvu ya kawaida, uhesabu taratibu hadi thelathini. Kisha, mguu ukiwa bado juu yake, washa injini. Pedeli itashuka kidogo mara moja na kutulia. Ikitulia, busta iko sawa. Ikiendelea kuteremka baada ya hapo, ndipo pana la kuzungumza.

Niseme hapa kwamba busta iliyokufa haileti pedeli laini. Huleta pedeli ngumu, ya kukanyagwa kwa nguvu zote na gari bado linaserereka. Kwa hiyo fundi anayependekeza kubadilisha busta kwa sababu pedeli inazama, muulize kwa upole anachokifikiria.

Sasa piga pedeli mara mbili za haraka na usikilize tofauti. Kama pigo la pili linashika juu zaidi kuliko la kwanza na linakuwa imara, shuku mwanya: dramu zinahitaji kusetiwa, au kuna kalipa inayorudi nyuma kupita kiasi. Kama inapanda lakini bado inabonyea, shuku upepo. Kama kupampu hakubadilishi kitu na pedeli inazidi kuteremka ukiishikilia, acha kufikiria upepo kabisa. Hewa hubanika, lakini haitoroki. Pedeli yenye hewa hufika mahali ikasimama. Inayozama ina tundu, la nje au la ndani.

Inayozama: tazama chupa

Swali linaloamua ni moja: je, fluidi inapungua kwenye chupa yake? Weka alama kwa kalamu, endesha siku moja mbili kwa tahadhari kama gari bado linasimama salama, au bora zaidi likanyage likiwa limeegeshwa mara nyingi, kisha angalia tena.

Ikiwa haipungui na pedeli inazama, fluidi inatoroka ndani kwa ndani, na mshukiwa wa kwanza ni masta silinda. Ndani yake kuna pistoni mbili zinazofuatana, kila moja ikihudumia sakiti yake, yaani njia yake ya fluidi, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Marekani iliulazimisha mgawanyo huo kwa magari ya abiria kuanzia mwaka 1968. Kila pistoni imevaa raba yenye mdomo uliotanuka kidogo, kwa kanuni ile ile ya raba ya bomba la sindano: shinikizo linapopanda, linaubana mdomo huo kwenye ukuta wa silinda, na kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo raba inavyoziba vizuri zaidi.

Hapo ndipo madereva na mafundi wanaposhindwa kuelewana. Raba iliyochoka, au silinda iliyoliwa na kutu, inaweza kuziba barabara ukikanyaga kwa ghafla na kwa nguvu. Ila ukikanyaga polepole, kwa uzito wa vidole tu, kama unavyofanya kwenye foleni ya taa, mdomo wa raba haujabanwa vya kutosha na fluidi inapita pembeni yake, inarudi ilikotoka. Dereva anasema pedeli inazama kila anaposimama kwenye taa. Fundi anaingia kwenye gari, anaipiga pedeli kwa mguu mzima, inasimama imara, anasema, "Bosi, hii mbona nzima?" Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo jaribio la kushikilia lifanywe mara mbili: kwanza kwa nguvu, kisha kwa mguu mwepesi kabisa kwa muda wa dakika nzima, injini ikiwa inaunguruma. La pili ndilo linalowaumbua masta wazee.

Kuna njia ya kuona kwa macho. Fungua kifuniko cha chupa, mwombe mtu akanyage taratibu. Mwanzoni kabisa utaona fluidi ikiruka au ikitibuka kidogo. Hiyo ni sawa, kwa sababu raba haijapita bado tundu dogo linalounganisha silinda na chupa. Lakini ikiendelea kutibuka wakati pedeli inazidi kushuka, umeona utoro wenyewe. Usiinamishe uso juu ya chupa unapofanya hivyo, na kitambaa kiwe karibu, kwa sababu fluidi ya breki inachuna rangi ya gari haraka.

Ikiwa chupa inapungua, tafuta unyevu. Anza na magurudumu: angalia upande wa ndani wa kila tairi na nyuma ya kila rimu. Kwenye dramu, usiridhike na kutazama nje. Vua dramu, inua kidogo raba ya vumbi ya wili silinda kwa bisibisi. Pakiwa pakavu sawa, pakichuruzika umempata. Shuu zilizolowa fluidi usizifute na kuzirudisha. Fuata mipira ya breki kwenye kila gurudumu la mbele, kisha paipu za chuma zinazopita chini ya gari, hasa pale zinaposhikwa na vibanio, maana matope na maji hukaa hapo. Kwa magari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, chumvi ya hewa ya bahari inafanya kazi yake kimyakimya kwenye paipu hizo, na zile zinazoonekana zimevimba kwa kutu hazifai kusuguliwa na kupakwa rangi, zibadilishwe.

Sehemu mbili husahaulika. Moja ni nyuma ya masta yenyewe, pale inapokutana na busta. Sili ya nyuma ikifa, fluidi inaingia ndani ya busta na hakuna tone linaloonekana chini. Legeza nati mbili zinazoishikilia masta, ivute mbele kidogo bila kufungua paipu, uangalie kama kuna maji maji. Injini ikifikia kuinyonya fluidi hiyo kupitia mpira wa ombwe, ekzosi hutoa moshi mweupe kama wa injini iliyounguza hedi gasketi, na nimewaza ni hedi gasketi ngapi zimefunguliwa bure kwa ajili hiyo. Nyingine ni klachi: magari kadhaa ya gia za mkono hutumia chupa moja kwa breki na klachi, kwa hiyo fluidi ya "breki" inaweza kuwa inavujia kwenye silinda ya chini ya klachi.

Na kuna kupungua kusiko na ugonjwa. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa husogea nje na fluidi hujaza nafasi yake, hivyo chupa hushuka polepole kwa miezi. Kuijaza hadi juu wakati pedi zimekwisha ni kujitafutia mafuriko siku utakapofunga pedi mpya na kuzirudisha pistoni ndani.

Kutenga upande kwa upande

Kama umekagua kote, pakavu, na bado huna hakika ya kuihukumu masta, funga njia moja baada ya nyingine. Kuna klampu za mipira zenye midomo ya mviringo, zilizotengenezwa kwa kazi hii. Bana mpira wa gurudumu moja, jaribu pedeli, achia, nenda lingine. Gurudumu ambalo likibanwa pedeli inapanda ghafla na kuwa imara ndilo lenye shida. Ukibana yote na pedeli bado inazama, tatizo liko juu, kwa masta au kwenye moduli ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Usitumie koleo lenye meno, na mpira uliokakamaa kwa uzee usiubane kabisa, utaupasua ndani mahali pasipoonekana.

Njia yenye uhakika zaidi ni kuziba matundu ya masta yenyewe. Fungua paipu zinazotoka kwenye masta, weka plagi zenye uzi unaolingana (magari mengi ya Japani hutumia uzi wa milimita 10 kwa 1), toa upepo pale kwenye plagi, kisha kanyaga. Masta nzima ikiwa imezibwa hivyo hutoa pedeli ya juu, ngumu, isiyosogea. Ikizama hapo, hakuna mjadala. Plagi hizo ni vipande vidogo vya shaba au chuma ambavyo fundi anaweza kuchongesha mara moja na kuvitunza maisha yake yote, na kwa maoni yangu kila gereji inayojiita ya breki ingepaswa kuwa nazo kabla ya kuwa na kitu kingine.

Masta ikishahukumiwa, linakuja suala la kit (seti ya raba mpya za ndani) au masta mpya. Kit ya raba inafaa ikiwa ukuta wa silinda ni msafi na laini kabisa kwa kidole. Masta nyingi za siku hizi ni za aluminiamu. Zikiwa na mikwaruzo au vishimo vya kutu, kuzisugua kwa msasa ni kuharibu zaidi, na raba mpya itaanza kuzama baada ya wiki chache. Masta za mtumba kutoka magari yaliyokatwa zina mtego wake: zikikaa rafuni zimekauka, raba hukakamaa na kutu huanza. Zinaweza kufanya kazi siku ya kufungwa na zisifike mwisho wa mwezi.

Masta yoyote, mpya au ya mtumba, itolewe upepo ikiwa bado mezani kwenye jiliwa, kabla ya kufungwa garini. Na urefu wa kijiti cha busta kinachoisukuma upimwe dhidi ya masta ya zamani. Kikiwa kifupi, pedeli inashikia chini; kikiwa kirefu, lile tundu dogo linabaki limefunikwa, fluidi haipati njia ya kurudi, na breki zinajibana zenyewe gari likipata moto.

Upepo, na namna unavyotolewa vibaya

Pedeli inayobonyea ndiyo inayostahili kutolewa upepo. Utaratibu wa watu wawili kila mtu ameuona: mmoja ndani anapampu, mwingine chini na spana ya nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo gurudumuni), "Pampu! Pampu! Shikilia!", nipo inafunguliwa, mguu unashuka, nipo inafungwa, "Achia!" Kosa kubwa hufanyika kwenye sekunde moja, pale wa ndani anapoachia kabla ya nipo kufungwa, na hewa inanyonywa kurudi ndani. Ndiyo maana upepo "hauishi".

Kosa la pili halionekani. Katika matumizi ya kila siku pistoni za masta husafiri sehemu ya mbele tu ya silinda. Kule mwisho hakujasuguliwa kwa miaka, kuna kutu na uchafu. Ukipampu pedeli hadi sakafuni, unazisukuma raba zikapite juu ya takataka hizo, nazo zinachanika. Gari liliingia na upepo, linatoka na masta inayozama, na fundi anaapa kwamba "masta ilikuwa imekwisha tangu mwanzo". Kipande cha mbao chini ya pedeli kinazuia hayo yote.

Mpangilio wa kawaida ni kuanza na gurudumu la mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ila magari yenye sakiti za kukingamana, gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa pili, huwa na mpangilio wao kwenye kitabu, na kitabu ndicho cha kufuatwa. Kwenye pikapu na magari ya mizigo yenye vali inayopima uzito kwenye ekseli ya nyuma, kuna mitego miwili: baadhi, kama Hilux za zamani, zina nipo ya ziada kwenye vali hiyo, na ukiinua gari kwa bodi ekseli ikining'inia, vali inadhani gari ni tupu na inabana njia ya nyuma. Gari lisimame kwa uzito wake.

Ikiwa upepo umetolewa vizuri mara mbili na pedeli bado inabonyea, angalia mambo ambayo hayahusiani na fluidi. Kalipa zilizobadilishana upande huweka nipo chini badala ya juu, na hewa, ambayo siku zote hupanda, inabaki kichwani pa kalipa hata ukimaliza katoni nzima. Mipira mizee huvimba ikikanyagwa. Shika kila mmoja kwa kiganja mwenzako akikanyaga. Pini za kalipa zilizokwama na pedi zilizolika upande humfanya kalipa apinde badala ya kubana sawasawa. Pedi mpya ambazo hazijakaa vizuri huleta hisia hiyo kwa siku za kwanza.

Na fluidi yenyewe. Chupa iliyoachwa wazi gereji miezi mingi imeshakunywa unyevu wa hewa. Ile iliyotolewa kwenye nipo na kurudishwa juu "kwa sababu bado safi" ina mapovu madogo na uchafu. Kuna pia wanaoongeza oili ya haidroliki au ya injini kwa dharura: raba za breki hazivumilii mafuta ya aina hiyo, zinavimba na kulainika zote, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho. Ukishuku hilo, chukua matone ya fluidi uyaweke kwenye kikombe cha maji. Fluidi ya DOT 3 au DOT 4, daraja za kawaida za fluidi ya breki, itachanganyika na maji. Mafuta yataelea juu. Yakielea, kutoa upepo hakusaidii kitu. Raba zote zibadilishwe na paipu zioshwe.

Inayoshikia chini

Hii ni rahisi, ndiyo maana inaniuma inapogharimu masta. Gari lenye dramu nyuma lina kifaa cha kujisetia kinachofuata kulika kwa shuu. Kikijaa vumbi na kutu, hakizunguki, shuu zinakaa mbali na dramu, na wili silinda zinahitaji fluidi nyingi kuzifikisha. Dalili nyingine ni hendibreki inayopanda juu sana. Fungua, safisha, setia hadi dramu iguse kidogo inapozungushwa, kisha jaribu pedeli. Kosa ni kukaza waya wa hendibreki badala ya kusetia shuu. Linaficha dalili na kuacha ugonjwa.

Kwenye diski, tafuta beringi ya gurudumu iliyolegea au diski iliyopinda. Gurudumu likitikisika kwenye barabara ya makorongo, diski inazisukuma pedi na pistoni nyuma, na breki ya kwanza baada ya mashimo inakwenda chini. Ya pili iko sawa. Kumbuka ile nusu milimita.

Pedeli inayokwenda chini milimani tu

Kuna gari ambalo mjini halina tatizo lolote, na kwenye mteremko mrefu pedeli inakwenda sakafuni. Hapa fluidi imechemka. Fluidi mpya ya DOT 3 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 nyuzi 230. Lakini zinanyonya maji, na zikifikia kiasi cha maji cha asilimia 3.7 kinachotumika kwenye vipimo, viwango hivyo vinaruhusiwa kushuka hadi 140 na 155. Teremka Kitonga, Sekenke, au kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa ukiwa umejaza abiria na mguu umekaa juu ya breki, na joto la kalipa linafika huko. Mvuke hubanika kama hewa. Ukisimama nusu saa, unarudi kuwa maji, pedeli inarudi juu, na gereji hawaoni kitu. Dawa ni kubadilisha fluidi yote, jambo ambalo watengenezaji wengi hutaka lifanyike kila miaka miwili hivi, na kushuka kwa gia ndogo.

Ikikutokea ukiwa kwenye mwendo: pampu haraka haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, tumia hendibreki kwa kuvuta kidogo kidogo huku kitufe chake umekibonyeza. Usizime injini, utapoteza nguvu ya usukani na busta kwa wakati mmoja.

ABS na haibridi

Moduli ya ABS ina vali ndogo za kupunguza shinikizo. Punje ya uchafu ikiishikilia moja wazi, pedeli inazama vilevile kama kwa masta mbovu, bila tone nje. Hili ndilo linalofanya jaribio la plagi kuwa na thamani: masta ikifaulu na mipira yote ikiwa imebanwa, kilichobaki kati yao ni moduli. Hewa iliyonaswa ndani yake nayo haitoki kwa kupampu; inahitaji mashine ya kompyuta iziamuru vali zifunguke.

Prius na Aqua, haibridi za Toyota zinazotumia injini na mota ya umeme, ni habari nyingine kabisa. Kwenye magari hayo, katika hali ya kawaida, hisia unayoipata mguuni inatengenezwa na kifaa maalumu, na shinikizo la magurudumu linatoka kwa pampu ya umeme. Majaribio ya busta niliyoyaeleza hayana maana huko, na kutoa upepo kwa njia ya kawaida kunaweza kuingiza hewa ambayo haikuwepo. Kama fundi hana mashine ya kuliongelesha gari hilo, asiguse nipo.

Kazi yoyote ile ikishakamilika, shikilia pedeli kwa mguu mwepesi dakika nzima injini ikiwaka, kisha kwa nguvu, kabla gari halijashushwa kwenye jeki. Jaribu uwanjani kwa mwendo wa kutembea, mbele na nyuma, ndipo uingie barabarani. Weka alama kwenye chupa. Kesho yake asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha. Fluidi ikiwa imeshuka chini ya alama, rudi ukague kila nati na nipo iliyofunguliwa jana, na gari lisitoke hadi ipatikane inayovuja.